Hamoniki au mgawanyo sawa? Ulinganisho kwa anayetuni kwaya, gitaa, kinanda na ilimba

Ukifungua programu ya kutunia kwenye simu, mambo mengi yameshaamuliwa kabla hujagusa uzi. Oktava ina noti 12, kila hatua ina senti 100 (senti ni kipimo cha umbali kati ya sauti mbili), la ni hezi 440, yaani mitikisiko 440 kwa sekunde. Sindano ikisimama katikati unaambiwa uko sawa, na walimu wa kwaya, mafundi wa gitaa na watu wa studio huendelea na kazi bila kujua kwamba palikuwa na uchaguzi wa kufanya. Upande mmoja kuna hamoniki, sauti zinazozaliwa ndani ya uzi wenyewe. Upande wa pili kuna mgawanyo sawa, yaani oktava iliyokatwa vipande 12 vinavyolingana. Zote mbili ni njia halali, na kila moja ina mahali inapong'ara na mahali inapoharibu.

Msimamo wangu nausema mapema. Kinanda na gitaa vibaki na mgawanyo sawa. Kwaya inayoimba bila ala iachwe iende kwenye hamoniki. Na muziki wa Wagogo usilazimishwe kuingia kwenye noti 12 za kinanda, kwa sababu ukifanya hivyo kinachobaki si muziki ule tena.

Kinachotoka ndani ya uzi

Chukua uzi unaolia la ya hezi 220. Uzi huo hautikisiki kwa namna moja tu. Unatikisika mzima, na papo hapo unatikisika kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake, na kuendelea. Vipande hivyo vina urefu wa 1, 1/2, 1/3, 1/4, 1/5, na masafa yake yanapanda kwa hezi 220 kila mara: 220, 440, 660, 880, 1100, 1320, 1540, 1760. Hizo ndizo hamoniki. Sikio halizisikii mojamoja. Linazipokea pamoja kama sauti moja yenye rangi yake, na ndiyo maana zeze na filimbi zikilia noti ileile bado unajua ipi ni ipi.

Tuiite hamoniki ya kwanza do. Ya 2 ni do ya oktava inayofuata, ya 3 ni so, ya 4 ni do tena, ya 5 ni mi, ya 6 ni so, ya 8 ni do, ya 9 ni re. Nimeiruka ya 7 makusudi. Iko kati ya la na ta (ti iliyoshushwa nusu toni), haina kitufe kwenye kinanda chochote cha kawaida, na ndiyo itakayoamua mambo huko chini.

Wanahisabati nao wana shughuli yao na orodha hiihii ya urefu. Wao wanaijumlisha: 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 na kuendelea bila kikomo. Vipande vinazidi kuwa vidogo, kwa hiyo mtu angedhani jumla itafika mahali isimame. Haisimami. Nicole Oresme wa Ufaransa alithibitisha hilo karibu mwaka 1350 kwa njia ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifuata: 1/3 na 1/4 kwa pamoja zinazidi nusu; 1/5 hadi 1/8 kwa pamoja zinazidi nusu; 1/9 hadi 1/16 vilevile. Kila fungu linaongeza zaidi ya nusu, na mafungu hayaishi. Ila mwendo wake ni wa polepole sana: ili jumla ivuke 10 unahitaji vipande 12,367.

Sasa yatazame mafungu ya Oresme kwa sikio la mwanamuziki. Toka hamoniki ya 2 hadi ya 4 ni oktava moja. Toka ya 4 hadi ya 8 ni oktava nyingine. Toka ya 8 hadi ya 16, nyingine. Kila fungu lake ni oktava! Oktava ya kwanza haina kitu katikati, ya pili ina so peke yake, ya tatu ina mi, so na ile ya 7, ya nne inajaa noti saba katikati yake. Hatua zinabana kadiri unavyopanda, wala hakuna dari. Ninapenda jambo hili kuliko yote katika mada hii, na kwa anayetuni lina maana ya moja kwa moja: katika hamoniki, ukipima kwa sikio wala si kwa hezi, hakuna hatua mbili zinazofuatana ambazo zinalingana. Anayetaka hatua sawa hatazipata ndani ya uzi. Itabidi azikate mwenyewe.

Kuikata oktava

Mgawanyo sawa unatafuta namba moja ambayo ikizidishwa yenyewe mara 12 unapata 2 kamili. Namba hiyo ni takriban 1.05946. Mwanamfalme Zhu Zaiyu wa China aliikokotoa kwa tarakimu nyingi mwaka 1584, na Simon Stevin aliifikia Ulaya miaka michache baadaye. Kwa hiyo si sahihi kuuita mfumo huu wa Wazungu peke yao. Tena wazo la hatua zinazolingana lipo hapa kwetu: amadinda, marimba ya magogo ya Baganda, hugawa oktava hatua tano zinazokaribia kulingana, kila moja karibu senti 240, na wakataji wa magogo yake waliufikia mpangilio huo kwa sikio.

Faida ya kulingana ni uhuru. Wimbo ulioanza kwenye do unaweza kuupandisha nusu toni, toni nzima, popote, na kila umbali kati ya noti unabaki uleule. Gharama yake ni kwamba ukiacha oktava, hakuna umbali wowote uliolingana kabisa na ule wa hamoniki.

Kwa nini isiwezekane kupata vyote? Jibu ni la hesabu. So safi iko mara 3/2 ya do. Panda kwa so safi mara 12 na ungetegemea kurudi kwenye do, oktava saba juu. Hurudi. Ingebidi 3 ikizidishwa yenyewe mara 12, ambayo ni 531,441, ilingane na 2 ikizidishwa mara 19, ambayo ni 524,288. Namba ya kwanza ni witiri na ya pili ni shufwa, na ukiendelea kuzidisha maisha yako yote itakuwa hivyohivyo. Tofauti ya namba hizo mbili ni karibu senti 23.5, na lazima ifichwe mahali fulani. Mgawanyo sawa huisambaza, senti 2 kwa kila so.

Hizi ndizo tofauti noti kwa noti, zikihesabiwa kutoka do:

| Noti | Hamoniki | Senti za hamoniki | Senti za mgawanyo sawa |
|---|---|---|---|
| re | ya 9 | 204 | 200 |
| mi | ya 5 | 386 | 400 |
| so | ya 3 na ya 6 | 702 | 700 |
| ta | ya 7 | 969 | 1000 |
| do ya juu | ya 8 | 1200 | 1200 |

Tofauti hizo zinasikikaje

So usiihangaikie. La ya 220 tukiihesabu kama do, pamoja na so yake kwenye kinanda, hezi 329.63 badala ya 330, hutoa mtikisiko usiofika hata mara moja kwa sekunde. Katika wimbo wa kawaida hausikiki.

Noti ya tatu ya ngazi, ile inayoitwa mi tukiihesabu la kama do, ndiyo yenye kesi. Hamoniki inaitaka hezi 275; kinanda kinatoa 277.18. Hamoniki ya 5 ya uzi wa chini ni 1100, hamoniki ya 4 ya noti ya kinanda ni karibu 1108.7, na hizo mbili zinagombana karibu mara 9 kwa sekunde. Huo ndio msisimko usiotulia unaousikia kwenye do-mi-so ya kinanda cha kanisani kilichoshikiliwa kwa muda mrefu. Tumeuzoea kiasi kwamba wengi wanadhani do-mi-so ndivyo inavyolia. Sikiliza watu watatu wazuri wakiishikilia bila ala, mi ikashuka kidogo mpaka mtikisiko ukome, na sauti zote zikafunga kama moja. Ukishaisikia, huwezi tena kusema senti 14 ni kitu kidogo.

Mpiga gitaa anaweza kuiona tofauti hiyo kwa macho. Kwenye gitaa lenye nyuzi za milimita 650, freti (kile chuma kinachovuka shingo ya gitaa) ya 12 iko nusu kamili, 325, palepale ilipo hamoniki ya 2. Freti ya 7 iko milimita 216.2 kutoka juu na theluthi ya uzi iko 216.7: nusu milimita. Lakini freti ya 4 iko karibu 134, na hamoniki ya 5 inalia kwenye 130. Gusa uzi taratibu juu kabisa ya freti ya 4 na hamoniki inafifia. Rudisha kidole milimita 4 upande wa kichwa cha gitaa na inalia kama kengele.

Uchaguzi wenyewe

*Kinanda, gitaa, studio yenye ala mchanganyiko.* Chagua mgawanyo sawa, wala usijilaumu. Freti imeshapigiliwa, kitufe hakisogei, na ibada moja inaweza kupita kwenye funguo tano. Gitaa ukilituni liwe na kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) safi za so, kodi za mi zitalia vibaya. Tahadhari moja tu kwa wanaotuni gitaa kwa kulinganisha hamoniki za freti ya 5 na ya 7: njia hiyo inakupa umbali wa hamoniki, wa senti 498, wakati freti zinataka 500. Kwa nyuzi mbili si neno, ila ukipita nyuzi kadhaa kosa linajilimbikiza. Afadhali programu ya simu.

*Kwaya isiyo na ala.* Hapa nachagua hamoniki, kwa shauku kabisa, pamoja na shida yake moja ambayo mwalimu anapaswa kuijua. Kwaya nyingi hushuka, na mara nyingi ni uchovu au pumzi. Lakini kuna kushuka kunakotokana na usafi wenyewe. Imbisha kodi ya do, kisha ya la, kisha ya re, kisha ya so, urudi do, na kila sauti ishikilie bila kuyumba noti inayotoka kwenye kodi moja kwenda nyingine. Umbali wote ukiwa safi, ile do ya mwisho itakuwa chini ya ile ya mwanzo kwa uwiano wa 80 kwa 81, karibu senti 21.5. Mzunguko huo ukirudiwa mara nne, kwaya imeshuka karibu nusu toni bila mtu yeyote kuimba vibaya. Mwitaliano Giovanni Battista Benedetti alilionyesha jambo hili katika karne ya 16. Dawa si kuwarudisha waimbaji kwenye kinanda. Fundisha besi iwe mlinzi: do na so za besi zikae zilipo, na sauti za juu zitafute usafi juu yake. La na re ndizo zitakazojongea kidogo, na zinavumilia.

Jambo la kuepuka ni mazoezi yote kufanyika na kinanda halafu siku yenyewe kuimba bila ala. Masikio ya alto na teno yanakuwa yameshajifunza mi ya senti 400, na usafi hauji kwa ghafla.

*Matarumbeta.* Vikundi vya matarumbeta vya makanisa ya Kilutheri Tanzania vinaishi katikati ya pande hizi mbili. Tarumbeta ni bomba la hamoniki: baragumu la jeshi lisilo na vali hutoa do, so, do, mi, so tu, hamoniki ya 2 hadi ya 6. Vali zinaongeza noti zilizokosekana, na midomo ya mpigaji inanyoosha zilizobaki. Hamoniki ya 7 wapigaji huikwepa kwa sababu iko chini mno ukiipima kwa kinanda. Vikipiga peke yao, waache wasikilizane na kodi zitafunga zenyewe. Kikiingia kinanda, kinanda ndicho kitakachofuatwa, maana hakiwezi kumfuata mtu.

*Ilimba, zeze na sauti za Wagogo.* Hapa ndipo ninapoomba msomaji asifanye haraka. Watafiti, akiwemo Gerhard Kubik, wameeleza kwamba ngazi ya Wagogo wa Dodoma imejengwa juu ya hamoniki ya 4 hadi ya 9 za sauti moja ya msingi. Kwa senti ni 0, 386, 702, 969, 1200, 1404. Tazama hatua zake: 386, 316, 267, 231, 204. Kila hatua ni nyembamba kuliko iliyo chini yake, kama uzi unavyotaka. Hamoniki ya 7, ambayo mpiga tarumbeta anaikimbia na kinanda hakina, hapa ni noti ya kawaida ya kila siku. Dkt. Hukwe Zawose, aliyezaliwa 1938 na kufariki 2003 Bagamoyo, aliipeleka sauti hiyo kwenye majukwaa ya dunia kwa ilimba (ala ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba), zeze na koo lake, na hakuna aliyemwambia kwamba anaimba nje ya noti.

Kuna jambo la fizikia hapa linalonivutia. Ulimi wa chuma wa ilimba, uliobanwa upande mmoja, hauna hamoniki kama za uzi. Fimbo ya namna hiyo, ikiwa na unene uleule kote, sauti yake ya pili iko takriban mara 6.27 ya ile ya kwanza, wala si mara 2. Maana yake ilimba yenyewe haikuweza kumfundisha mtu ngazi hii. Mpangilio umetoka kwingine, kwenye uzi na koo, ukahamishiwa kwenye chuma kwa sikio. Kwa hiyo anayetuni ilimba kwa kufuata kinanda anafuta maarifa ambayo chuma hakiwezi kuyarudisha chenyewe.

Na upotevu huo unatokea kirahisi sana studio. Mtayarishaji anarekodi sauti nzuri ya Kigogo, anawasha programu ya kunyoosha sauti ikiwa kwenye noti 12, na ile ya 969 inavutwa hadi 1000. Ni senti 31, karibu theluthi ya nusu toni. Wimbo unabaki na maneno yake na mdundo wake, lakini ile noti iliyoutambulisha imeondoka. Waimbaji wa barbershop wa Marekani, wanaoimba kwa sauti nne bila ala, huitafuta noti hiyohiyo kwa mazoezi mengi ili kodi yao ya 4:5:6:7 ifunge. Sisi tunayo tayari na tunaifuta kwa kubofya mara moja.

*Taarabu.* Hapa hakuna upande kati ya hizi mbili unaotosha. Makamu, yaani ngazi za muziki wa Kiarabu, kama rasti na bayati zina noti zilizo kati ya vitufe vya kinanda, na kwa ujumla hazikujengwa kwa kupanga hamoniki mfululizo. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ina vijiti vidogo vya kubadilisha kila uzi kwa sehemu ndogo ya toni. Udi na fidla hazina freti. Akodioni na kinanda vya kawaida vinabana. Kikundi kinachotaka kuimba rasti kama rasti kinunue kinanda cha umeme kilichotengenezwa kwa soko la Waarabu, ambacho kinaruhusu kuhamisha kila noti kwa senti, na kimfuate mpiga kanuni.

Kuweka hamoniki kwenye kinanda au simu

Kinanda cha namna hiyo kinafaa pia kwa ngazi ya Wagogo, na programu nyingi za muziki za kompyuta zinapokea faili za ngazi za mfumo wa Scala. Chagua do yako kwanza, kwa kusikiliza ilimba au mwimbaji, wala si kwa kuanza na 440. Kisha ondoa senti 14 kwenye mi, ongeza 2 kwenye so, ondoa 31 kwenye ta, ongeza 4 kwenye re. Do inabaki kama ilivyo. Programu ya kunyoosha sauti, kama lazima itumike, ipewe ngazi hiyohiyo au izimwe. Na wimbo ukihamishwa kwenye do nyingine, marekebisho yote manne yahame nayo. Ukiyaacha kwenye vitufe vya zamani, kinanda kitalia vibaya kuliko kabla hujakigusa.